Mafuta na Sabuni za Jikoni: Mafunzo ya Mbeya na Iringa kwa Mkulima wa Karafuu



Katika kurasa hizi tumezoea kusema khabari za palizi, uchumaji, uanikaji na bei. Safari hii tutaingia jikoni. Tunataka kueleza namna ya kutengeneza mafuta ya kujipaka, marhamu ya midomo na visigino, na sabuni ya kuogea, kwa vitu ambavyo aghalabu vimo nyumbani. Karafuu yetu imo katika baadhi ya vitu hivyo, na kwa hiyo yatupasa sisi tunaoilima tuijue vizuri kuliko wanaoinunua.

Watu wengi hudhani kitu kitokacho jikoni hakiwezi kudhuru, maadamu huliwa. Hivyo sivyo. Kinacholeta faida au madhara ni kipimo, na kipimo hicho hubadilika kwa mahali na kwa aina ya mafuta. Ili jambo hili lionekane wazi tutalitazama kwa kulinganisha visiwa vyetu na Nyanda za Juu Kusini, yaani Mbeya na Iringa, ambako hali ya hewa ni kinyume cha kwetu na jiko lina vitu vingine.

KWA NINI MBEYA NA IRINGA

Mji wa Mbeya uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Iringa kiasi cha mita 1,600. Katika Juni na Julai, wakati sisi hutosheka na shuka jepesi, usiku wa Mbeya baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Tena ni baridi kavu. Mvua hukatika mwezi wa Mei, na hairudi sawasawa mpaka Novemba. Rungwe tu, upande wa Tukuyu, ndiko kunakonyesha karibu mwaka mzima.

Mtu atokaye Pemba au Unguja akaenda kusoma au kufanya kazi huko, haimalizi wiki bila kuona mabadiliko. Midomo humpasuka, visigino hufanya magaga, na miguu humpauka kama iliyopakwa majivu. Jambo jingine humshangaza: chupa ya mafuta ya nazi aliyofungiwa nyumbani imeganda, haimiminiki. Mafuta ya nazi huyeyuka yakifika kiasi cha nyuzi 24 au 25. Huku kwetu huwa maji karibu siku zote. Mbeya wakati wa baridi huwa magumu kama mshumaa. Mafuta ni yale yale, lakini mahali pamebadilika, na matumizi nayo hapana budi yabadilike.

JIKO LA NYANDA ZA JUU LINA NINI

Sisi huku tuna nazi, karafuu, mdalasini, ndimu, liwa na maua. Kila mzee ajuaye kumpamba bibi arusi anajua kutengeneza singo, na kila nyumba ya zamani ilikuwa na msio wa kusagia liwa. Elimu ya kujipamba kwa vitu vya nyumbani si ngeni kwetu.

Wenzetu wa Nyanda za Juu wana hazina nyingine. Parachichi hustawi sana Rungwe na Njombe. (Njombe ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa mpaka ilipofanywa mkoa wake mwaka 2012.) Alizeti hulimwa Iringa na mafuta yake hukamuliwa huko huko. Asali na nta hupatikana Mufindi na Chunya. Maziwa ni mengi Rungwe na Iringa. Kahawa hutoka Rungwe na Mbozi, ambayo tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa wa Songwe. Chai hutoka Rungwe na Mufindi. Kyela, chini kando ya Ziwa Nyasa, kuna mchele, kakao na mawese. Kwa hiyo mama wa Iringa akitaka mafuta ya kujipaka hashiki nazi kwanza. Hushika alizeti, parachichi au mafuta ya nyonyo.

Karafuu nao wanayo, kwa chai na kwa pilau. Na tujue kwamba siku hizi karafuu hulimwa pia Tanzania Bara, khasa Morogoro na Muheza. Yeyote aitumiaye karafuu vibaya ikamuunguza hataulizia ilitoka shamba gani. Ataichukia karafuu yote.

MAFUTA HUFANYA KAZI GANI JUU YA NGOZI

Ngozi ya mtu ina maji ndani yake. Hewa kavu huyavuta maji hayo, na yakipungua ngozi hukakamaa, hupauka na kupasuka. Watu wengi hudhani mafuta huiongezea ngozi maji. La. Mafuta hufunika tu, kama kifuniko cha chungu, ili maji yaliyomo yasitoke upesi.

Kwa sababu hiyo wakati mzuri wa kupaka mafuta ni mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado ina unyevu. Jifute kwa kubonyezabonyeza taulo, usijisugue mpaka ukauke kabisa, kisha upake. Ukipaka mafuta juu ya ngozi iliyokwisha kukauka, umefunika chungu kitupu.

Vile vile ndiyo sababu mafuta mazito yanayofaa Mbeya hayafai sana huku kwetu. Visiwani hewa ina unyevu na mtu hutoka jasho. Ukijifunika mafuta mazito usoni, jasho na uchafu huzibwa ndani, na chunusi huota. Mafuta ya nazi khasa huziba vitundu vya ngozi ya uso kwa watu wengi. Basi kwetu mafuta ya nazi yafaa mikono, miguu na nywele. Usoni yatumike kidogo sana, au yasitumike kabisa kwa mwenye chunusi.

KARAFUU NA KIPIMO CHAKE

Karafuu kavu iliyo nzuri ina mafuta yake yenyewe kiasi cha asilimia 15 mpaka 20 ya uzito wake. Hakuna viungo vingi vya jikoni vinavyofikia hapo. Na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kimoja kiitwacho eujenoli. Hicho ndicho kinacholeta harufu, na ndicho kinachofisha maumivu ya jino. Madaktari wa meno wamekitumia tangu zamani, na mpaka leo huchanganya eujenoli na unga wa zinki kuziba meno.

Lakini kitu chenye nguvu ya kufisha ganzi jino kina nguvu ya kuunguza ngozi. Mafuta halisi ya karafuu, yale yanayotoka katika mtambo kama ule wa kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, hayapakwi kamwe juu ya ngozi peke yake. Wataalamu wa mafuta ya harufu hushauri yasizidi nusu ya sehemu moja katika sehemu mia za mafuta ya kujipaka, yaani asilimia 0.5. Wala mtu asidhani kwamba mafuta ya makonyo au ya majani ni mapole kwa kuwa bei yake ni ndogo. Eujenoli ndani yake hupita asilimia 80.

Njia iliyo salama nyumbani ni kuloweka karafuu zenyewe katika mafuta mengine. Fanya hivi:

1. Chukua mafuta mililita 250, kiasi cha kikombe kimoja cha chai. Huku kwetu tumia ya nazi. Aliye Mbeya au Iringa atumie ya alizeti au ya parachichi, yasimgandie.

2. Tia karafuu kavu nzima vijiko vidogo viwili vya chai, visivyojaa kupita kiasi. Uzito wake ni karibu gramu 4. Karafuu ziwe kavu kabisa; karafuu yenye unyevu itaharibu mafuta.

3. Weka mafuta na karafuu katika bakuli, na bakuli juu ya sufuria yenye maji ya moto. Moto uwe mdogo. Acha kwa saa moja, mafuta yapate joto lakini yasichemke.

4. Epua, acha yapoe, chuja kwa kitambaa safi kikavu, tia katika chupa kavu ya rangi, na uandike tarehe.

Sasa tuhesabu. Gramu 4 za karafuu, hata kama mafuta yake yote yangetoka, ni gramu 0.8 tu. Zikiingia katika mafuta ya kikombe kizima ni chini ya asilimia 0.4. Tuko ndani ya mpaka. Lakini mtu akisema, "Karafuu ni zetu, nitatia konzi mbili ili yawe makali," amevuka mpaka mara nyingi, na hatajua mpaka ngozi iwashe na kuwa nyekundu.

Aliye na mafuta halisi ya karafuu atie matone 8 katika mililita 100 za mafuta mengine, asizidishe.

Mafuta haya ni ya mtu mzima, kwa miguu, visigino na viungo vinavyouma kwa uchovu. Yasipakwe usoni, machoni, sehemu za siri, wala juu ya kidonda au ngozi iliyopasuka mpaka kutoa damu. Watoto wadogo wasipakwe kabisa. Kabla ya kutumia mara ya kwanza, paka tone moja ndani ya kiwiko cha mkono, ungoje siku moja nzima. Pakiwasha, osha kwa sabuni na uyaache.

Na hili tulisome mara mbili: chupa ya mafuta halisi ya karafuu isiwekwe mahali mtoto anapofika. Imeandikwa na madaktari kwamba mtoto mdogo aliyekunywa mililita 5 mpaka 10, yaani kijiko kidogo kimoja au viwili, alizimia na ini lake likadhurika. Mtoto akinywa asitapishwe. Apelekwe hospitali upesi, na chupa ichukuliwe ili daktari aione.

MARHAMU YA NTA KWA MIDOMO NA VISIGINO

Marhamu hii ni mbadala mzuri wa mafuta ya mgando ya dukani. Vitu vyake ni viwili tu: nta ya nyuki na mafuta. Nta ndiyo inayoifanya marhamu ishike mahali ilipopakwa, isitiririke.

Kwa visiwani: nta gramu 30, mafuta ya nazi gramu 90. Yaani sehemu moja ya nta kwa tatu za mafuta.

Kwa Mbeya na Iringa: nta gramu 20, mafuta ya alizeti au parachichi gramu 100. Yaani sehemu moja kwa tano.

Mwenye kusoma ataona sababu. Joto la kwetu hulainisha marhamu, na kwa hiyo nta huongezwa. Baridi ya huko huikaza, na kwa hiyo nta hupunguzwa. Anayechukua kipimo cha Wete akakitumia Makambako atapata kitu kigumu cha kuvunjwa kwa kisu. Na kipimo cha huko kikiletwa Wete kitakuwa uji.

Yeyusha nta katika bakuli juu ya maji ya moto. Nta huyeyuka ikipata nyuzi 62 hivi, na ikishika moto huwaka kama mafuta ya taa. Kwa hiyo usiiweke juu ya moto wenyewe. Ikiisha kuyeyuka tia mafuta, koroga, epua, mimina katika vikopo vidogo vikavu. Jaribu kwanza kwa kuchukua tone na kuliweka juu ya sahani baridi. Likiwa gumu ongeza mafuta kidogo, likiwa laini ongeza nta.

Kwa midomo usitie karafuu wala ndimu. Kwa magaga ya visigino waweza kutumia yale mafuta uliyoloweka karafuu, mradi visigino havijatoboka. Loweka miguu katika maji ya vuguvugu kwa dakika 15, sugua taratibu kwa jiwe la kusugulia miguu, futa, paka, kisha vaa soksi ulale.

Marhamu hii hukaa miezi kadhaa. Mafuta ya nazi hukaa zaidi. Ya alizeti hubadilika harufu mapema. Yakianza kunuka kama mafuta ya zamani ya kukaangia, yatupwe.

VITU VIBICHI NI VYA SIKU HIYO HIYO

Tumeeleza vitu visivyo na maji. Sasa tueleze vyenye maji, maana hapa ndipo wengi hupotea.

Vijidudu na ukungu haviwezi kuota katika mafuta matupu wala katika nta, kwa kuwa hakuna maji. Mara maji yanapoingia, huota. Kirimu za dukani zina maji mengi, lakini zimetiwa dawa maalum ya kuzuia kuoza. Kirimu ya nyumbani yenye maji, maziwa, tunda au yai haina dawa hiyo. Huweza kuonekana nzuri na kunukia vizuri siku ya nne, na huku imejaa vijidudu. Mtu akiipaka juu ya chunusi iliyotumbuka, amejipaka ugonjwa.

Basi kanuni ni nyepesi: kitu kibichi hutengenezwa, hutumiwa na hutupwa siku hiyo hiyo.

Parachichi na asali. Ponda nusu ya parachichi lililoiva, tia kijiko kimoja cha asali, changanya, paka usoni kwa dakika 15, osha kwa maji ya vuguvugu. Ngozi kavu hulainika. Nusu iliyobaki ya parachichi iliwe, maana ndani ya tumbo nako ina faida yake.

Mtindi. Mtindi usiotiwa sukari hupakwa usoni dakika 10 na kuoshwa. Uchachu wake hulegeza ngozi iliyokufa. Mwenye ngozi nyepesi ya kuwasha aanze kwa dakika 3.

Maji ya mchele. Osha mchele mara ya kwanza na umwage. Loweka tena kwa nusu saa, chuja, sukutulia nywele baada ya kuziosha kwa sabuni, kisha zioshe kwa maji matupu.

Masimbi ya kahawa. Kahawa iliyokwisha kupikwa, ikichanganywa na mafuta kidogo, hufaa kusugulia viwiko, magoti na miguu. Sukari nayo hufaa. Usoni isitumiwe, kwa kuwa punje zake hukwaruza.

Asali peke yake haiharibiki, kwa kuwa maji yake ni machache sana. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali, wala asipakwe midomoni, kwa sababu huweza kumletea ugonjwa mbaya wa kulegeza viungo.

Na hata mafuta yasiyo na maji huharibiwa kwa vidole vyenye maji. Wazee walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Kwa kikopo cha marhamu, chovya chovya huingiza uchafu kabla haijamaliza. Tumia kijiti au kijiko kikavu.

SABUNI: HAPA MIZANI NDIYO MWALIMU

Sabuni hupatikana mafuta yanapokutana na soda kali, ile iitwayo kostiki. Vikiisha kuungana sawasawa hakuna tena mafuta wala soda. Pana sabuni na glisirini. Zamani mahali pengi watu walitumia maji ya majivu badala ya soda, na majivu ya maganda ya ndizi yana nguvu khasa. Lakini sabuni yake ni laini na kipimo chake hakijulikani kwa hakika. Soda ina kipimo kinachojulikana.

Kila mafuta yana kiasi chake cha soda. Kilo moja ya mafuta ya nazi humaliza soda gramu 183. Kilo ya mawese humaliza kiasi cha gramu 142. Kilo ya alizeti humaliza kiasi cha gramu 135. Kwa sabuni ya kuogea hutia pungufu ya hapo, ili yabaki mafuta kidogo ya kulainisha ngozi. Vipimo vyenye usalama ni hivi, kwa kilo moja ya mafuta:

Mafuta ya nazi: soda gramu 160.
Mawese: soda gramu 130.
Alizeti: soda gramu 125.

Sasa fikiri: mama wa Chake Chake anamwandikia ndugu yake aliyeolewa Iringa, "Tia gramu 160 za soda kwa kilo ya mafuta." Yule wa Iringa hana nazi, anatia alizeti. Gramu 25 za soda zitabaki ndani ya sabuni bila kazi, na kazi zitakayoipata ni ngozi ya watoto. Mama wa Chake Chake hakusema uongo. Amesahau tu kutaja mafuta. Kwa hiyo anayeandika kipimo cha sabuni aandike na jina la mafuta. Ukichanganya, kwa mfano nusu nazi na nusu alizeti, chukua nusu ya kila kipimo ujumlishe: 80 na 62, jumla 142. Mchanganyiko huo ni mzuri, kwani alizeti peke yake hutoa sabuni laini, na nazi peke yake hutoa povu jingi lakini hukausha ngozi.

Mwendo wa kazi ni huu:

1. Pima kila kitu kwa mizani. Kikombe na kijiko havifai kwa soda.

2. Fanya kazi nje au penye hewa, watoto wakiwa mbali. Vaa glavu za mpira, miwani na nguo ya mikono mirefu.

3. Usitumie sufuria ya kawaida ya alumini. Soda huila alumini, huchemka na kutoa gesi inayowaka. Tumia ndoo ya plastiki nene au chombo cha chuma kisichoshika kutu.

4. Pima maji mililita 320. Tia soda ndani ya maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Usimimine maji juu ya soda kamwe, kwani huruka na kuunguza. Maji yatapata moto mkali yenyewe, yaache yapoe.

5. Mafuta yakiwa vuguvugu, mimina maji ya soda ndani yake taratibu, koroga mpaka yawe mazito kama uji wa mgonjwa.

6. Ukitaka harufu ya karafuu, tia mafuta yake mwisho kabisa, yasizidi mililita 5 kwa kilo. Karafuu huigandisha sabuni haraka, hivyo kisanduku kiwe tayari kabla hujaitia.

7. Mimina katika kisanduku kilichotandikwa plastiki. Sabuni ya nazi ikatwe siku ile ile ikishapata nguvu, maana kesho yake huvunjika. Nyingine hungoja siku moja au mbili.

8. Panga vipande juu ya rafu penye kivuli na upepo kwa wiki nne kabla ya kuogea. Visiwani wakati wa masika sabuni hutoka jasho. Ni glisirini inayovuta unyevu wa hewa, wala si kasoro.

Soda ikikurukia, mimina maji mengi mfululizo kwa dakika 20. Usipake siki wala ndimu. Ikiingia jichoni, osha kwa maji muda huo huo, kisha nenda hospitali bila kukawia.

MAMBO YA KUACHA

Ndimu juu ya ngozi kisha jua. Maji ya ndimu yaliyobaki juu ya ngozi yakipigwa na jua huleta malengelenge na baadaye madoa meusi ya miezi mingi. Wanaoitumia kung'arisha uso hupata kinyume chake.

Magadi na chumvi ya kusugulia meno kila siku. Hukwaruza meno, na meno hayaoti tena.

Kukamua mbarika nyumbani. Mafuta ya nyonyo ni mazuri kwa nywele na ngozi kavu, lakini mbegu zake mbichi zina sumu kali, na mashudu yake vile vile. Mbegu chache huweza kumwua mtoto. Nunua mafuta yaliyokwisha kukamuliwa.

Kirimu za kung'arisha zenye zebaki na haidrokwinoni. Vitu hivi vimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umezikataza kirimu za zebaki duniani. Zebaki hupita katika ngozi ikadhuru mafigo, na mama huweza kuipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Hatusemi mafuta ya nazi au parachichi yatabadilisha rangi ya mtu. Hayabadilishi, na wala hapana haja. Yatamfanya asipauke, basi.

KWA ANAYETAKA KUUZA

Wako wanawake waliokwisha kutangulia. Kidoti na Paje, Unguja, hutengenezwa sabuni ya mwani yenye mafuta ya nazi na viungo vyetu. Mbeya na Iringa, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, limekuwa likiwafundisha watu kazi ndogo ndogo kama hizi.

Kutengenezea nyumba yako hakuhitaji ruhusa. Kuuza ni jambo jingine. Tanzania Bara, tangu mwaka 2019, usimamizi wa vipodozi uko kwa Shirika la Viwango, TBS. Zanzibar, nenda kwanza kwa Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA, na kwa Taasisi ya Viwango, ZBS. Na kwa kuwa karafuu ina sheria zake hapa Zanzibar, uliza ofisi ya ZSTC iliyo karibu kabla ya kuanza biashara yoyote ya karafuu au mafuta yake.

Hata kama unampa jirani tu, andika juu ya kikopo mambo matatu: vitu vilivyomo, tarehe ya kutengenezwa, na ngozi isiyofaa kupakwa. Jirani akiwa Mbeya, andika na jambo la nne: kimepimwa kwa joto la wapi.

Wanachama wanaweza kuukata ukurasa huu na kuubandika jikoni, juu ya mahali pa kupikia, mbali na mvuke. Mizani ndogo ya gramu ikipatikana kwa shirika la watu watatu wanne, itatosha kwa mtaa mzima.